Supeet na Samaki-Jani

Siku Supeet alipomvunja Haruna taya katika mnada wa Karatu, watu waliokuwa karibu walidhani ni ugomvi wa ng'ombe. Mmasai mwenye rungu na mchuuzi mwenye gari, wakikabana mnadani, wangegombea nini kingine? Wengine walisema ng'ombe wa wizi. Wengine walisema mke. Hakuna aliyetaja samaki, kwa maana watu wa Karatu wanajua kuwa Mmasai wa kule juu samaki hamli, na huyu Supeet hakuwahi kumtia mdomoni tangu aachishwe ziwa. Lakini kisa kilikuwa samaki, na kabla ya samaki kilikuwa mtu aliyekufa mikononi mwake.

Alizaliwa upande wa Endulen, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, ambako mtu haruhusiwi kupiga jembe na uhai wote umefungwa kwenye mifugo. Baba yake alifariki yeye akiwa bado analala na ndama, akalelewa na kaka yake Loserian, mtu mkavu asiyependa maneno. Loserian ndiye aliyemfundisha kuchunga, na somo lake lilikuwa moja tu: tazama. Tazama nyasi, tazama kivuli, tazama masikio ya mbuzi. Supeet alilisikia somo hilo kama watoto wanavyosikia, likaingia sikio hili likatokea lile, mpaka siku ya Tobiko.

Tobiko alikuwa mtoto wa shangazi yake, rika lake. Walikuwa wamepeleka mbuzi kwenye korongo lenye vichaka vya leleshwa, jua liko utosini, nao wamekaa juu ya mwamba wakichonga fimbo. Ng'ambo ya korongo kulikuwa na gogo lililoanguka, limejaa madoa ya kuvu. Supeet alilitupia macho mara nyingi asubuhi ile. Tobiko aliposhuka kumrudisha mbuzi mmoja aliyejitenga, kipande cha gogo kikanyanyuka. Chui alimkamata kichwani, akamlaza chini, na ngozi ya utosi ikafunuka kama ya mbuzi anayechunwa, ikamwangukia usoni. Supeet alikimbilia na fimbo yake ambayo haijamalizika kuchongwa, akapiga, akapiga, akapiga mpaka ikavunjika, kisha akaokota jiwe. Chui alimwachia Tobiko, akamrarua Supeet paja, akatokomea vichakani. Tobiko alipona, akabaki na jicho moja. Supeet alibaki na jambo lililomuuma kuliko paja: alikuwa amemwangalia yule mnyama asubuhi nzima bila kumwona. Tangu hapo hakuamini tena kitu chochote kwa kukitazama mara moja.

Akakua, akatoka jandoni, akapita umorani, akamwoa Nareyu, msichana wa Nainokanoka aliyesoma mpaka sekondari na mwenye ulimi usiokosa jibu. Walikuwa hawajakaa sana ukaja ule ukame mkubwa. Ng'ombe walikonda hadi mbavu zikahesabika, wakaanza kuanguka, na aliyeanguka hakunyanyuka. Fisi hawakungoja giza. Walikuja mchana kweupe wakaanza kula wanyama walioshindwa kusimama, wakianzia tumboni, ng'ombe akiwa bado anapepesa macho. Supeet na Loserian walitembea na mikuki yao, lakini hawakuwa wakiwafuata fisi. Walikuwa wakiwamaliza ng'ombe wao wenyewe, mmoja mmoja, ili wasiliwe wakiwa hai. Wa mwisho alikuwa ng'ombe wa mama yao, wa rangi ya majivu. Loserian alichoma mkuki, akauchomoa, akaketi chini pale pale, akajifunika shuka usoni.

Alipojifunua alisema, "Nenda pwani. Vijana wenzako wanalinda mahoteli huko. Hapa hakuna cha kulinda."

Hivyo ndivyo Supeet alivyofika kijiji kimoja cha pwani, kusini ya Tanga, akapata kazi ya ulinzi katika hoteli ndogo ya vibanda vya makuti. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama. Alisimama na shuka lake jekundu na rungu lake, wageni wakampiga picha, naye akiitazama bahari kama mtu anavyomtazama dume la ng'ombe wa watu.

Hotelini pale alikuwapo mzamiaji na nahodha wa boti, Mdigo aitwaye Matano, mtu mfupi, mwenye kifua kipana na mzaha usiokwisha. Yeye ndiye aliyewapeleka wageni mwambani kuona samaki.

"Yero," Matano alimwambia siku moja maji yakiwa yamekupwa, kwa jina ambalo watu wa pwani humwitia kila Mmasai, "weye huchoki kuitazama bahari kwa mbali?"

"Naitazama isije ikanishambulia."

"Basi njoo nikuoneshe ng'ombe wangu. Maji yako kifuani tu, hufi."

Supeet alikubali kwa sababu ya aibu, si kwa sababu ya hamu. Alivaa miwani ya kuzamia na kuuma ule mrija wa kuvutia hewa, akainamisha uso majini, akanywa chumvi, akakohoa, akasimama, akaapa harudii. Matano hakumcheka. Alimshika kifundo cha mkono kama mtu anavyomshika ndama anayefundishwa kunywa maji, akamwinamisha tena taratibu. Safari hii Supeet alipumua. Na chini yake kukawa na nchi.

Hakujua kuwa bahari ina nchi. Kulikuwa na mabonde na vilima vya matumbawe, vichaka vya kila rangi, makundi ya changu yakila kama mbuzi malishoni, na pono wakiuma mawe hata ukasikia sauti ya meno. Matano alimvuta mpaka kwenye jiwe moja lenye nyufa, akanyoosha kidole. Supeet alitazama. Aliona mwani. Aliona jani moja la manjano, limeoza pembeni, likiyumba na maji. Akatikisa kichwa. Matano akanyoosha kidole tena, pale pale. Supeet akalikumbuka gogo la korongoni, akatulia. Maji yalikuwa yametulia vilevile, hakuna wimbi. Lakini lile jani liliendelea kuyumba, kushoto, kulia, kushoto. Ndipo akaliona jicho.

Samaki yule hakuzidi kidole kirefu. Ukimtazama ubavuni ni jani, ukimtazama kwa mbele ni mwembamba kama kisu. Alijishikilia jiweni kwa mapezi ya kifuani kama mtu aliyejiegemeza kwa viganja. Uduvi mmoja alipita karibu na pua yake. Supeet hakuona mdomo ukifunguka. Aliona tu kwamba uduvi hayupo.

Alipoinua kichwa aliung'oa mrija mdomoni. "Anaitwa nani?"

"Sie twamwita samaki-jani tu," Matano alisema. "Usimguse, ana miba ya sumu mgongoni. Hafi mtu, lakini utaita mama yako."

Kuanzia hapo alikwenda kila maji yalipokupwa. Akajifunza kuogelea, vibaya kwanza, kisha vizuri, kisha kuzama kwa pumzi yake mwenyewe. Akajua kwamba samaki-jani hahami ovyo. Jiwe lake ndilo boma lake, na ukimkosa leo upande huu utamkuta kesho upande wa pili. Akajua kuwa kila baada ya muda hujivua ngozi kama nyoka, akainua kichwa na ile ngozi ikapeperuka mdomoni mwake kama utando, na kwamba wa manjano leo anaweza kuwa na rangi ya zambarau baadaye. Akawajua watatu katika mwamba ule mmoja, na wengine waliojificha zaidi yao. Wageni wakaanza kumwomba yeye awaongoze, Mmasai anayeona samaki wasioonekana. Matano hakuona wivu. Alikuwa akimwambia kila mtu, "Huyu mimi ndiye niliyemwachisha ng'ombe."

Supeet alimtumia Nareyu picha aliyopigiwa na mgeni. Nareyu akamjibu kwa ujumbe wa sauti: "Mume wangu, nimefungua picha mbele ya mama yako, tumetazama wote, umetutumia jani. Ukipata muda, tutumie na samaki."

Tatizo la mwambani pale lilikuwa baruti. Kuna watu ambao hawavui kwa nyavu wala mishipi. Wanajaza unga wa kulipulia miamba kwenye chupa, wanatia utambi, wanatupa majini, kisha wanaokota vilivyoelea. Matano aligombana nao mara kwa mara, na wao walimpa onyo mara kwa mara. Nusu ya kijiji ilikula kutoka kwenye baruti hiyo, kwa hiyo nusu nyingine ilinyamaza.

Asubuhi moja Supeet alikuwa kwenye boti, na Matano yuko chini akifunga upya kamba ya boya. Mashua ya injini ikazunguka rasi, ndani yake watu watatu. Supeet aliwajua. Alisimama, akavua shuka, akalipunga.

"Mtu chini!" alipiga kelele. "Kuna mtu chini!"

Aliyekuwa mbele ya mashua, kijana mwenye kofia ya sufu, aligeuka akamtazama. Supeet alipata kuyaona macho yake vizuri. Kisha yule kijana akauwasha utambi.

Mlipuko haukuwa na sauti kubwa. Ulikuwa kama teke kutoka chini ya dunia. Boti ikaruka, Supeet akaanguka ndani yake, na maji yakapanda meupe, yakarudi chini yamebeba mchanga. Samaki wakaanza kuelea, matumbo juu, wengine wakizunguka duara kama waliolewa. Supeet hakungoja. Alijitosa.

Chini palikuwa na wingu la vumbi la mawe. Matumbawe yalikuwa yamevunjika kama vyungu vilivyoangushwa, na yale mawe aliyoyajua kama anavyoijua njia ya kisimani hayakuwa tena mahali pake. Jiwe lenye nyufa lilipasuka katikati. Juu ya changarawe alimwona samaki-jani mmoja amelala ubavu, mdomo wazi, hayumbi. Hapo hapo karibu, kamba ya boya ikiwa bado imemzunguka mkono, alikuwapo Matano.

Aliikata kamba, akampandisha. Hakujua alipata wapi nguvu za kumwinua mpaka ndani ya boti. Damu ilikuwa inamtoka Matano masikioni, puani, na machoni kwenyewe weupe haukuwepo tena. Kila alipovuta pumzi, kifua kilitokota kama maji yanayochemka. Alitaka kusema kitu. Mdomo ulifunguka, likatoka povu jekundu, basi. Supeet alimpakata, akaiendesha boti kwa mkono mmoja, na kabla hawajagusa mchanga, kifua kilikuwa kimenyamaza.

Mashua ya wale watatu ilikuwa imetangulia kufika. Ufukweni liliegeshwa gari la samaki, pikapu yenye deli kubwa la barafu, na mwenye gari alikuwa akiwapima samaki kwa mizani ya kuning'iniza. Alikuwa mtu mnene, nadhifu, mwenye kanzu fupi na sauti ya upole. Alimwona Supeet akishuka na maiti, akasema "Inna lillahi," kisha akaendelea kupima.

Supeet alimlaza Matano mchangani, akamfunika shuka lake mwenyewe, akachukua rungu. Yule wa kofia ya sufu alimwona anakuja, akachomoa panga. Supeet alipokea panga kwa mkono wa kushoto, vidole viwili vikaanguka, na kwa mkono wa kulia akampiga kwenye kiwiko mpaka mfupa ukatokeza nje. Akampiga tena begani. Angempiga kichwani, lakini wenzake wawili walimrukia kwa nyuma na kasia, akaanguka kifudifudi, wakamkanyaga mpaka wakachoka. Alipozinduka, gari la samaki lilikuwa limeondoka.

Yakaandikwa maelezo, watu wakahojiwa. Hakuna aliyeona kitu. Wengine walisema Matano alizoea kuzama bila tahadhari. Mama mwenye hoteli alimwambia Supeet, akilia, kwamba aende kwao kabla wale wa baruti hawajamchoma moto yeye na vibanda vyote vya hoteli. Akaondoka, mkono ukiwa umefungwa tambara.

Hakurudi Endulen kukaa. Nareyu alikuwa amehamia Karatu na mtoto wao mchanga, aliyezaliwa Supeet akiwa pwani, akiuza maziwa, na Supeet akaanza biashara ya mbuzi. Alikwenda kwa miguu vijiji vya Kansay na Daa, akanunua kwa Wairaqw, wenyeji wa huko, akaleta mnadani. Tangu ule mlipuko, sikio moja halikusikia vizuri. Usingizini aliwapiga watu ambao Nareyu hakuwaona, na mara moja alimpiga Nareyu mwenyewe, akaamka akamkuta amekaa ukutani na mdomo umevimba.

"Ukirudia," Nareyu alisema, "nitakuchoma na sime yako mwenyewe. Nakwambia ukiwa macho ili usiseme hukusikia."

Tangu siku ile Supeet alilala sakafuni, upande wa pili wa chumba. Habari za mwamba alimsimulia mke wake tu, kidogo kidogo. Loserian alipokuja kumtembelea alisikia nusu, akauliza, "Mtu aliuawa kwa ajili ya samaki?"

Mnadani, jirani na mahali pa mbuzi, alikuwapo mama mmoja mkaanga samaki, Mwajabu, mtu wa Kondoa aliyeishi Karatu miaka mingi. Kwa kawaida karai lake lilikaanga sato na kambale wa ziwani. Supeet alizoea kukaa kwenye benchi lake na kunywa chai, akivumilia harufu. Siku hiyo alimkuta Mwajabu amenuna, anageuza vipande kwa kijiko na vipande vinamomonyoka.

"Wa baharini hawa," Mwajabu alilalamika. "Nimeletewa leo, nikasema nibadilishe wateja ladha. Ona, wanayeyuka kama ugali wa jana. Na hawajaoza, nimewanusa."

Supeet hakupenda kuwashika, lakini alimshika mmoja ambaye hajapasuliwa, changu mkubwa, mwenye magamba yanayong'aa. Alimpapasa mgongo kama anavyompapasa mbuzi kabla ya kununua. Uti ulikuwa umekatika mahali pengi, ukicheza chini ya ngozi. Akaomba kisu, akampasua. Ndani hamkuwa na matumbo, mlikuwa na uji mwekundu, na damu imeganda kando ya mfupa. Matano alikuwa amemwonesha hayo zamani: wa mshipi anakufa mzima, wa baruti anakufa amesagika.

"Kaleta nani, mama?"

"Yule pale kwenye pikapu. Haruna anaitwa. Anasema atakuwa anakuja kila mnada."

Supeet aligeuka. Unene ule ule, kanzu fupi ile ile, mizani inaning'inia. Alikwenda taratibu. Mwajabu alisema baadaye kwamba alidhani anakwenda kuuliza bei.

"Karibu, ndugu yangu," Haruna alimwambia. Hakumtambua. "Leo Wamasai nao wameanza kula samaki?"

"Hawa ni wa baruti."

Haruna alitabasamu, akapunguza sauti. "Samaki ni samaki. Mimi sivui, nanunua. Na weye samaki umemjulia wapi?"

"Kwa Matano."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Haruna alimtazama mkono wa kushoto, penye vidole vitatu, na hapo akaelewa. Alirudi hatua moja mpaka mgongo ukagusa gari. Huenda aliogopa. Huenda kweli alitaka amani. Alichosema, alikisema kwa upole wake ule ule.

"Marehemu alikuwa mkaidi, lakini sikumwacha hivi hivi. Muulize yeyote. Sanda nilinunua mimi."

Rungu lilimpata upande wa kushoto wa taya, na sauti yake waliisikia hata waliokuwa kwenye zizi la ng'ombe. Haruna alianguka juu ya mizani yake. Supeet alimkalia kifuani, akampiga kwa ngumi ile ya vidole vitatu, meno yakatoka, akaendelea kupiga. Hakuona gari, hakuona mnada. Alisema baadaye kwamba aliona povu jekundu tu, na hakujua ni la nani.

Utingo wa Haruna, kijana mwenye nguvu, alichukua chuma cha jeki akampiga Supeet mgongoni, na mtu mmoja huko nyuma, ambaye mpaka leo hajulikani, akaita "Mwizi!" Neno hilo mnadani halihitaji ushahidi. Watu waliacha walichokuwa wakifanya. Jiwe la kwanza lilimpata Supeet begani, la pili kichwani. Mtu alimvuta mguu, mwingine akamkanyaga mkono. Wauza mitumba walikuja na magongo ya vibanda vyao. Wamasai waliokuwa upande wa ng'ombe walipoona mwenzao yuko chini walikuja na fimbo, wakapigana na wauza mitumba, na sasa watu waliokuwa wakiumizana hawakumjua Haruna wala Supeet. Mzee mmoja wa Kiiraqw aliyekuja kuuza kondoo alivunjwa mkono bila kosa lolote. Katikati ya vurugu mtu alileta tairi.

Hapo ndipo Mwajabu alipoinua karai. Lilikuwa na mafuta yanayofoka, nalo ni karai la kubebwa na mwanamume. Alilishika masikio kwa khanga yake, akapenya mpaka alipolala Supeet, akayamwaga mafuta yote ardhini kwa nusu duara mbele yake. Udongo ulichemka. Waliosimama karibu walirushiwa matone miguuni, wakaruka nyuma wakipiga mayowe.

"Huyu si mwizi," alisema. Viganja vyake vilikuwa vimebabuka. "Namjua. Anakunywa chai kwangu. Anayetaka kumchoma, aje, karai hili chuma chake bado kina moto."

Walisita. Kusita kule kulitosha. Askari waliokuwa getini wakafika, wakapiga risasi hewani, watu wakatawanyika wakiacha viatu.

Supeet alilala hospitali na mbavu zilizovunjika, pingu moja kitandani. Haruna alipelekwa mbali zaidi, akafungwa taya kwa waya, akala kwa mrija muda mrefu. Mwajabu, mikono ikiwa kwenye bandeji, aliwaita maofisa wa uvuvi, akawafungulia ndoo ya wale samaki aliyokuwa ameificha kwenye barafu ya muuza soda. Walimpasua mmoja, wakatazama uti, wakatazamana. Samaki wote wa lile gari wakafukiwa shimoni na gari likazuiliwa. Haruna alitoa faini yake, akaruhusiwa. Karatu hakurudi tena. Inasemekana siku hizi anauza upande mwingine wa nchi.

Mahakamani Supeet aliulizwa kama ni kweli alimpiga mlalamikaji. Akasema kweli. Akaulizwa kama ana la kujitetea. Angewaeleza nini watu wale, kuhusu jani lenye jicho? Akasema hana. Akafungwa, na gerezani alipewa kazi ya kuchunga ng'ombe wa magereza, kwa hiyo wafungwa wenzake walimwambia amepelekwa nyumbani.

Siku aliyotoka, Nareyu alikuwa getini na Loserian. Loserian alimtemea mate kifuani kumbariki, akamvisha shuka jipya. Kisha akatangulia mbele kutafuta gari. Mtu na mkewe wakabaki wakitembea kando ya barabara, vumbi la magari ya watalii likiwapita.

"Nikuulize jambo," Nareyu alisema. "Usingevutwa, ungemuua?"

"Ndiyo."

"Na Matano angefurahi?"

Supeet alimsogeza mkewe mbali na barabara. Gari jingine likapita. "Matano asingefurahi," alisema. "Matano alikuwa mtu wa mzaha. Lakini sikumpiga ili Matano afurahi."

"Ulimpiga kwa nini?"

"Alimnunulia sanda kwa mauzo ya samaki wa asubuhi ile ile."

Nareyu hakusema kwamba amefanya vema, wala kwamba amekosa. Alimwambia kuwa mtoto sasa anaongea, na kwamba anamwogopa mtu asiyemjua, kwa hiyo akifika asimrukie. Alimwambia pia kuwa Mwajabu hawezi tena kufumba vidole vya mkono wa kulia, kwa hiyo kila siku ya mnada yeye Nareyu humsaidia kukaanga.

"Samaki?" Supeet aliuliza.

"Samaki. Mama yako hajaniambia neno tangu asikie."

Loserian alikuwa amesimamisha gari, anawapungia. Walikwenda moja kwa moja hadi kwa Mwajabu kabla ya kwenda nyumbani. Supeet aliingia amevaa shuka jipya, akainama mbele ya yule mama kama mtoto wa Kimasai anavyomwinamia mkubwa, akiomba aguswe kichwa. Mwajabu, ambaye si wa kabila lile, hakujua afanye nini. Akamwekea ule mkono uliokakamaa utosini, akauacha hapo, na kwa mkono mwingine akaendelea kugeuza samaki.